NYAMA CHOMA: TUAGIZE ILIYOIVA AU TUCHOME WENYEWE?



Somo letu la leo ni la chakula. Lakini ndani yake mna hesabu, mna afya, na mna maneno ya nyumbani. Kwa hiyo chukua kalamu na daftari kabla hujaanza. Kama mnasoma kikundi, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike hesabu ubaoni. Msiende mbio.

Jambo lenyewe ni hili. Kikundi chetu cha kujisomea kina watu 25, wanawake 15 na wanaume 10. Kila mwaka tukimaliza masomo tunakula chakula cha pamoja: nyama ya mbuzi ya kuchoma, ndizi na kachumbari. Fedha zinatoka katika mfuko wa kikundi. Hizo ni fedha za jasho la kila mmoja wetu.

Safari hii tulibishana jioni mbili nzima. Wengine walisema, "Tuagize kwa mchomaji wa mnadani, atuletee ikiwa imeiva, sisi tule tu." Wengine wakasema, "Hapana. Tununue mbuzi, tuchome wenyewe."

Ubishi huo ulitufundisha mengi, na tumeona si vizuri kukaa nayo peke yetu.

MWAKA ULE TULIPOAGIZA

Kwanza tueleze kwa nini ubishi ulikuwa mkali. Mwaka uliotangulia tuliagiza nyama kwa mchomaji mmoja. Tulipatana kwa mdomo tu. Tukampa fedha zote, tukaenda zetu. Mapatano yalikuwa chakula kifike saa 7 mchana.

Saa 7 ikapita. Saa 8 ikapita. Watoto wakaanza kulia, wazee wakaanza kusinzia. Saa 11 jioni pikipiki ikafika. Kufungua karatasi, tukaona mapaja matatu. Tukauliza, "La nne liko wapi?" Kijana wa pikipiki akajibu eti yeye kazi yake ni kubeba tu. Mpaka leo hatujui yule mbuzi alitembeaje kwa miguu mitatu!

Nyama yenyewe ilikuwa imepoa, na mafuta yameganda. Usiku ule watoto wawili waliharisha.

Tulimlaumu sana mchomaji. Lakini tukikaa tukasema kweli, hata sisi tulikosa. Watu 25 tunaojua kusoma na kuandika, tukatoa fedha bila karatasi! Kusoma kwetu kulikuwa kwa darasani tu. Mnadani tulikwenda kama watu wasiojua hata herufi moja.

HESABU YA KWANZA

Basi, mwaka huu Katibu wetu alisimama ubaoni, akaandika bei za pande zote mbili. Bei hizi ni za kwetu. Kijijini kwako zitakuwa nyingine, kwa hiyo andika zako.

Tukiagiza iliyoiva:
- Mbuzi mmoja aliyechomwa: Sh. 170,000
- Ndizi za kuchoma na kachumbari: Sh. 30,000
- Pikipiki ya kuleta chakula: Sh. 8,000
Jumla: Sh. 208,000

Tukichoma wenyewe:
- Mbuzi mzima, mnadani: Sh. 110,000
- Kuchinja, kuchuna na kukaguliwa: Sh. 8,000
- Mkaa: Sh. 10,000
- Ndizi mbichi: Sh. 20,000
- Nyanya, vitunguu, pilipili, ndimu na chumvi: Sh. 9,000
Jumla: Sh. 157,000

Toa 157,000 katika 208,000. Tofauti ni Sh. 51,000.

Sasa gawa kwa watu 25. Tukiagiza, kila mtu anakula chakula cha Sh. 8,320. Tukichoma wenyewe, kila mtu anakula chakula cha Sh. 6,280. Tofauti kwa mtu mmoja ni Sh. 2,040.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Hesabu imekwisha sema. Tunachoma wenyewe. Na hizo 51,000 tunanunua taa ya sola ya darasa." Sote tulikuwa tunaitaka taa hiyo, maana tunasoma jioni, na giza linatukuta tukiwa bado kwenye mstari wa pili.

MAMA MMOJA ANAULIZA

Lakini mama mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Yeye si mwepesi wa kusema. Akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema:

"Ndugu Mwenyekiti, nimesoma ubao wote toka juu mpaka chini. Nimeona mkaa. Nimeona ndizi. Hata chumvi nimeiona. Mbona mgongo wangu sikuuona?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea:

"Nani atateka maji? Nani atamenya ndizi? Nani atakaa kwenye moshi? Na mkishakula mkaenda zenu, nani atabaki na masufuria? Kila mwaka mnaosema 'tupike wenyewe' ni nyinyi akina baba, na wanaopika ni sisi. Kama mimi ningekuwa mbuzi, mngeniandika bei."

Darasa lilikuwa kimya kabisa. Mwalimu wetu akachukua chaki, akasema, "Mama amesahihisha hesabu. Tuanze upya."

HESABU YA PILI

Tulihesabu kazi. Tuliona wanahitajika watu 4, toka saa 12 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Hizo ni saa 8 kwa kila mtu. Zidisha 8 kwa 4, unapata saa 32 za kazi.

Je, kazi hiyo ina thamani gani? Tulichukua malipo ya kibarua wa siku moja. Kwa mfano wetu tuliweka Sh. 5,000. Watu 4 ni Sh. 20,000. Maji ndoo 6, kama tungemlipa mtu wa kuteka, ni Sh. 500 kwa ndoo, yaani Sh. 3,000.

Sasa jumlisha:
157,000 + 20,000 + 3,000 = Sh. 180,000

Kumbe tofauti si 51,000. Toa 180,000 katika 208,000, inabaki Sh. 28,000. Nafuu bado ipo, lakini imepungua karibu nusu. Hiyo nusu nyingine ilikuwa imefichwa kwenye migongo ya akina mama.

Hapa ndipo kiini cha somo. Kitu kisicholipiwa si kwamba ni cha bure. Yuko mtu anayekilipia. Ukitaka kujua kama kupika nyumbani ni rahisi kuliko kununua, usiulize tu bei ya nyama. Uliza pia nani anafanya kazi, na angefanya nini kingine katika saa hizo.

Tukaamua hivi: tutachoma wenyewe, lakini kazi tutagawana. Wanaume wote 10 waliandikwa majina. Wawili kuchinja na kuchuna. Watatu kuteka maji. Watatu kuchoma. Wawili kuosha vyombo baada ya kula. Wanawake 5 wakachukua ndizi na kachumbari. Wanawake 10 waliobaki waliambiwa wakae kivulini wasome gazeti. Hatujawahi kuona watu wakisoma kwa furaha namna ile!

KILO MOJA SI KILO MOJA

Kabla ya kueleza siku yenyewe, tujifunze jambo la mizani. Hili linawapunja wengi.

Mbuzi akiwa hai mwenye kilo 28 hatoi kilo 28 za nyama. Ukiondoa ngozi, kichwa, miguu, damu na matumbo, inabaki chini ya nusu. Mbuzi wetu alitoa nyama kilo 12 pamoja na mifupa.

Nyama ikikaa juu ya moto inapungua tena. Maji yanatoka na mafuta yanadondoka. Kwa kawaida hupungua robo mpaka theluthi ya uzito wake. Kwa hiyo kilo 12 mbichi zikawa kama kilo 8 zilizoiva. Gawa kwa watu 25. Kila mtu anapata gramu 320, pamoja na mfupa wake.

Sasa fikiri umekwenda kwa mchomaji. Anakuambia, "Kilo Sh. 16,000." Muulize kwanza: "Kilo hiyo umeipima mbichi au imeiva?" Kama ameipima mbichi, utakula kama gramu 700 hivi. Kama ameipima imeiva, utakula kilo nzima. Bei ni moja, lakini chakula si kimoja. Wachomaji wengine hupima namna ya kwanza, wengine namna ya pili. Yote ni halali, mradi mnunuzi ajue. Asiyeuliza ndiye anayeshangaa.

Jambo lingine. Ukimwagiza mchomaji, mara nyingi kichwa, miguu, utumbo na ngozi vinabaki kwake. Ukichinja mwenyewe, ni vyako. Sisi kesho yake asubuhi tulichemsha kichwa na miguu, tukapata supu nzito. Wazee wa jirani walikunywa, na watoto wakanywa. Hii haikuandikwa katika hesabu ya Katibu, lakini nayo ni faida.

AFYA: NYAMA INAWEZA KULISHA, INAWEZA KUUA

Nyama ya kununua na nyama ya nyumbani, zote mbili zina hatari zake. Tuzitaje moja moja.

1. Mnyama aliyekufa mwenyewe. Usile, hata akiwa mnono, na hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Anaweza kuwa amekufa kwa ugonjwa wa kimeta. Mnyama wa kimeta hufa ghafla, na mara nyingine hutoka damu puani na nyuma, damu isiyoganda. Usimchune wala usimpasue. Mwite afisa mifugo. Usidanganyike kwamba moto utaua kila kitu. Vijidudu vya kimeta ni sugu sana, na mtu anaweza kuvipata hata kwa kushika ngozi tu.

2. Nyama isiyokaguliwa. Mkaguzi wa nyama huangalia mapafu, maini na nyama yenyewe. Akiridhika anapiga muhuri wa rangi. Ukienda buchani au kwa mchomaji, tafuta muhuri huo. Ukichinja nyumbani, mwite mkaguzi kabla nyama haijakatwa vipande.

3. Nyama isiyoiva. Nje imeungua, ndani damu. Nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva inaweza kukupa minyoo aina ya tegu. Kata karibu na mfupa. Kama maji yanayotoka bado ni mekundu, rudisha motoni.

4. Nyama iliyokaa. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida. Ama kibaki cha moto kabisa, ama kiwekwe kwenye baridi. Hapo ndipo tunapoikumbuka ile nyama ya saa 11 jioni! Ilichomwa mchana, ikafungwa, ikakaa, ikasafiri. Ukiletewa nyama iliyopoa, irudishe motoni mpaka ichemke ndani na nje ndipo ule.

5. Kisu kimoja. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi usikatie nyama iliyoiva wala kachumbari. Osha kwanza kwa sabuni na maji safi. Kosa hili linafanyika mnadani na linafanyika nyumbani.

6. Karatasi ya kufungia. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania. Wauzaji wengi hufunga nyama kwa magazeti ya zamani. Wino wa gazeti si chakula, na gazeti lenyewe limepita mikono mingi. Nenda na chombo chako safi chenye mfuniko. Gazeti ni la kusoma, ndugu msomaji. Usilile.

SIKU YENYEWE

Sasa tuseme mambo yalivyokwenda. Hatutaficha makosa yetu.

Mbuzi alikaguliwa asubuhi, akachinjwa na mtu anayekubaliwa na wote, ili watu wa dini zote wale bila wasiwasi. Maji yalikuja mapema. Ndizi zilimenywa mapema. Tatizo likawa kwa wachomaji wetu watatu.

Wale ndugu walikuwa na haraka. Mkaa ulipoanza tu kuwaka, ndimi za moto zikipanda, wakatandika nyama yote. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka. Baada ya dakika 20 nyama ilikuwa nyeusi kama chungu. Wakafurahi, wakasema imeiva. Kukata kipande kimoja, ndani kibichi kabisa!

Mzee mmoja aliyewahi kuchoma nyama mnadani kwa miaka mingi akacheka, akatuonyesha. Haya ndiyo aliyotufundisha:

(a) Acha mkaa uwake mpaka ndimi za moto ziishe na mkaa ufunikwe na majivu ya kijivu. Unachoma kwa joto. Ndimi za moto zinaunguza tu.

(b) Weka wavu juu ya mkaa kwa urefu wa shubiri moja. Nyama ya mbuzi ni ngumu. Inataka moto mdogo na muda mrefu.

(c) Paka ndimu na chumvi, uache kidogo kabla ya kuchoma. Usikate vipande vidogo mapema, maana vitakauka. Choma pande kubwa, ukate baadaye.

(d) Geuza mara kwa mara. Mafuta yakidondoka na moto ukiruka, sogeza nyama pembeni. Usiimwagie maji, maana majivu yataruka juu ya nyama.

(e) Paja zima linaweza kuchukua saa moja na nusu mpaka mbili. Asiye na saa mbili asianze.

Tulilazimika kununua mkaa mwingine wa Sh. 5,000. Chakula kilichotakiwa saa 8 tulikila saa 10. Njaa ilituuma, na akina mama waliokuwa kivulini walitutania sana. Walisema, "Hata mchomaji wa mnadani angekuwa amefika!"

Lakini nyama ilikuwa ya moto, laini, na mapaja yote manne tuliyahesabu.

Matumizi yalikuwa hivi: 157,000 + 5,000 = Sh. 162,000. Mfukoni tulikuwa tumetenga Sh. 210,000. Zikabaki Sh. 48,000. Tulinunua taa ya sola kwa Sh. 45,000 na chaki za Sh. 3,000. Somo hili tumeliandika jioni, chini ya taa hiyo.

Vyombo je? Wale ndugu wawili waliviosha. Mmoja alisema hajui masufuria yana masizi kiasi hicho. Mama yule wa mgongo akamjibu, "Karibu darasani, mwanangu."

HATA WENZETU WA MBALI WANABISHANA

Msidhani ubishi huu ni wetu peke yetu. Huko Uingereza wana desturi ya zamani ya kula nyama ya kuoka Jumapili mchana. Huoka ng'ombe, kondoo, nguruwe au kuku ndani ya oveni, wakala pamoja na viazi vya kuoka, mboga na mchuzi. Kazi yake ni ya asubuhi nzima.

Mwezi Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali yao ilifunga baa na mikahawa, watu wasikae humo kula. Chakula cha kubeba kiliruhusiwa. Baa nyingi zikaanza kufunga chakula hicho cha Jumapili katika maboksi, watu wakachukua na kula nyumbani.

Wako waliofurahi: hakuna kumenya viazi, hakuna vyombo vingi vya kuosha. Wako walionung'unika: viazi vikifungwa vya moto vinatoa mvuke na kulainika, nyama inafika imepoa, na hakibaki kiporo cha Jumatatu. Unaona? Ni maneno yaleyale. Nyama ikifungwa inatoa jasho, iwe London, iwe mnadani kwetu.

NA NYUMBANI KWAKO JE?

Mpaka hapa tumesema habari ya watu 25. Lakini wengi wetu hununua nyama choma tukiwa mmoja au wawili, siku ya mnada. Hapa kuna jambo zito, na tunalisema bila kumtaja mtu.

Baba ameuza gunia la mahindi. Ana fedha mfukoni. Harufu ya nyama inamwita. Anakaa kwenye benchi na rafiki yake, wanaagiza kilo moja, Sh. 16,000. Wanakula wawili. Jioni baba anarudi nyumbani, amebeba kifurushi kidogo chenye mifupa miwili. Mama na watoto wamekula ugali na mchicha. Yale mahindi waliyalima wote.

Hebu tuone Sh. 16,000 hizo zingefanya nini nyumbani:
- Nyama mbichi kilo 1: Sh. 10,000
- Mchele kilo 1: Sh. 3,000
- Mchicha, nyanya na kitunguu: Sh. 1,500
- Mafuta na chumvi: Sh. 1,000
- Mkaa: Sh. 500
Jumla: Sh. 16,000

Chakula hicho kinatosha watu sita, na mchuzi juu. Mtoto mdogo anayekua, na mama mwenye mimba au anayenyonyesha, ndio wanaohitaji nyama kuliko sisi watu wazima. Nyama inaongeza damu na kujenga mwili. Baba akila peke yake, ameshiba yeye. Nyumba haijashiba.

Hatusemi baba asionje nyama mnadani. Mtu ametembea toka alfajiri, lazima ale. Hata sisi tumewahi kukaa kwenye benchi hilo, na tutakaa tena. Tunasema kifurushi kiwe cha kweli.

Na ziko siku ambazo kununua iliyoiva ni bora kabisa. Siku ya palizi, mama ameshinda shambani. Siku mama amejifungua. Siku nyumba ina mgonjwa. Siku kuni zimelowa mvua. Au mtu anaishi peke yake na anataka robo kilo tu. Akiwasha jiko kwa robo kilo, mkaa utamshinda bei. Siku kama hizo, baba anayenunua nyama moto, akaileta nyumbani kwenye chombo safi, ikaliwa na wote, huyo hajapoteza fedha. Amenunua mapumziko ya mke wake. Mapumziko nayo yana bei.

UKITAKA KUAGIZA, ANDIKA

Kama mmeamua kuagiza, iwe nyama ya kikundi, iwe ndafu ya harusi, msipatane kwa mdomo. Tumieni kalamu mliyojifunza kushika. Andikeni karatasi mbili zinazofanana, moja yenu, moja ya mchomaji. Huu hapa mfano:

MAPATANO YA KUAGIZA NYAMA
Tarehe: ................
Mnunuzi: ................
Mchomaji: ................
Nyama: mbuzi mmoja mzima, mapaja manne, amekaguliwa na ana muhuri.
Kichwa, miguu na ngozi ni vya: ................
Bei yote pamoja na usafiri: Sh. ................
Malipo ya kwanza: Sh. ................
Yanayobaki yatalipwa nyama ikifika: Sh. ................
Itachomwa na kufika ikiwa ya moto saa: ................
Ikichelewa zaidi ya saa moja: ................
Sahihi ya mnunuzi: ................
Sahihi ya mchomaji: ................
Shahidi: ................

Msilipe fedha zote mwanzoni. Nusu inatosha. Mchomaji mwaminifu hatakasirika kuona karatasi, maana inamlinda hata yeye. Wako wateja wanaokula nyama ya watu kisha wanasema hawakuagiza.

TUNASEMAJE BASI?

Jibu letu si moja. Tumepima, tumeona hivi.

Watu wakiwa wengi, na kazi ikagawanywa kwa haki, kuchoma nyumbani ni bora. Fedha zinabaki, nyama inaliwa ya moto, na kichwa na miguu ni vyenu.

Watu wakiwa wachache, au muda hakuna, au waliopo wamechoka, kununua iliyoiva ni bora, mradi uulize, uangalie muhuri, uandike, na uile mapema.

Lakini kama kupika nyumbani maana yake ni kwamba mtu mmoja anaungua moshi na wengine wanangoja sahani, basi msiseme ni rahisi. Ni rahisi kwenu, ni ghali kwake. Kabla ya kusema "tupike," kila mmoja aseme kwanza atashika nini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kukagua: kuangalia kwa makini kama kitu kina kasoro.
Muhuri: alama inayopigwa kuonyesha kitu kimekubaliwa.
Theluthi: fungu moja kati ya mafungu matatu yaliyo sawa.
Mapatano: maneno ambayo pande mbili zimekubaliana.
Kiporo: chakula kilichobaki na kulala.
Ndafu: mbuzi mzima wa kuchoma, hasa wa sherehe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama alisema hakuuona mgongo wake ubaoni?
2. Mchomaji anauza kilo moja Sh. 15,000, ameipima mbichi. Nyama ikipungua theluthi, utakula kama gramu ngapi?
3. Andika bei za kijijini kwenu. Fanya hesabu mbili: ya kuagiza na ya kuchoma wenyewe kwa watu 10. Usisahau kazi na maji.
4. Taja dalili mbili za mnyama aliyekufa kwa kimeta. Utafanya nini ukimwona?
5. Nyumbani kwako, nani huteka maji, nani hupika, nani huosha vyombo? Hesabu saa zao kwa siku moja. Mwonyeshe mwenzako hesabu hiyo, kisha mzungumze.